Kiti Ambacho Zapata Hakukikalia

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana wenzangu habari za mchana, asanteni kwa kufika, na asanteni mliokaa chini kwenye mikeka mkawaachia wazee viti maana mmenipa pa kuanzia, mimi leo nimekuja kuongea habari ya kiti.

Kuna picha moja ya zamani, wengi mtakuwa mmekutana nayo kwenye simu bila kujua ni ya nini. Ilipigwa tarehe 6 Desemba 1914 ndani ya ikulu ya Meksiko. Ni wakati wa mapinduzi ya Meksiko, majeshi ya wakulima yameingia mjini, na Venustiano Carranza, kiongozi wa kundi jingine la mapinduzi aliyekuja kuwa rais baadaye, yeye na watu wake wamekimbilia Veracruz huko pwani. Katikati ya picha kuna kiti cha rais na aliyekikalia ni Pancho Villa, jenerali wa kaskazini, anacheka. Pembeni yake kakaa Emiliano Zapata, jenerali wa kusini, ile kofia yake pana kaiweka gotini na uso hauna furaha hata kidogo, anaiangalia kamera kama mtu anayetaka kuondoka. Inasimuliwa kwamba alikaribishwa akikalie kile kiti akakataa, akasema bora kichomwe moto kiache kuwatia watu tamaa.

Siku mbili kabla ya hapo yeye na Villa walikutana Xochimilco na kulikuwa na karani anaandika maneno yao. Zapata akasema waliofanya kazi zaidi ndo wanaofaidi kidogo zile njia za miguu za mjini, na yeye mwenyewe akitembea juu yake anajisikia kama ataanguka. Mji mkuu mzima uko mikononi mwake na anachowaza ni kurudi Morelos shambani! Wanahistoria wengi wanamlaumu kwa hilo, wanasema alichezea bahati, kwamba mapinduzi bila kushika serikali ni kazi bure. Na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Saa hizi sifikiri hivyo tena na nitawaambia kwanini, ila kwanza twende kijijini kwake.

Anenecuilco ni kijiji kidogo tu katika jimbo la Morelos, kusini ya Mexico City. Zapata alizaliwa hapo tarehe 8 Agosti 1879. Rais alikuwa Porfirio Díaz, aliingia madarakani 1876 akaja kung'olewa 1911, na enzi zake pesa yote ya Morelos ilikuwa kwenye sukari. Wenye mashamba makubwa ya miwa, kule wanayaita hasienda, wakaleta mitambo mipya ya kukamulia, sasa mtambo ukishafika unataka miwa mingi, miwa inataka ardhi na maji, na ardhi na maji viko kwa wanakijiji. Basi mipaka ikaanza kutembea. Leo wamechukua chemchemi, kesho malisho, keshokutwa shamba lenyewe, na ukienda kushtaki unakuta hakimu ni rafiki wa mwenye hasienda. Aliyekuwa na shamba anageuka kibarua kwenye shamba lake mwenyewe, nyapara kasimama nyuma yake. Wazee mnaolijua neno manamba sina haja ya kuwaelezea zaidi.

Mwezi Septemba 1909 wazee wa kijiji wakaitisha mkutano. Mzee José Merino aliyekuwa anawaongoza akasema jamani sisi umri umeenda, hii kesi na hasienda inahitaji watu wenye nguvu. Wakapiga kura wakamchagua Zapata, ndo kwanza katimiza miaka 30. Na walichomkabidhi naomba mkishike vizuri maana nitakirudia, walimkabidhi makaratasi. Hati za kijiji na ramani kutoka enzi za utawala wa Wahispania, zimetunzwa kizazi kwa kizazi, nyingine zimeandikwa kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa zamani, ambacho Zapata na karani wake Francisco Franco hawakuweza kukisoma, ikabidi watafute mtu wa kuwasomea. Huyo Franco, siyo yule jenerali wa Uhispania, huyu ni mtu wa kijijini, alikuja kuzitunza zile hati miaka na miaka baada ya Zapata kufa na mwaka 1947 akauawa. Hati hawakuzipata.

Kwahiyo mapinduzi makubwa ya wakulima katika Amerika nzima ya karne iliyopita yalianzia kwenye boksi la makaratasi na mkutano wa kijiji. Mimi hili huwa linanigusa sana. Hakukuwa na chama, hakukuwa na kitabu cha itikadi, kulikuwa na watu wanaosema hapa ni petu, ushahidi huu hapa, na sisi wenyewe tumekaa tukaamua nani akatusemee.

Mwaka 1910 Francisco Madero akaita watu wamwondoe Díaz na Zapata akaingia. Díaz akaondoka, Madero akawa rais, alafu ishu ya ardhi akaanza kuizungusha, subirini, wekeni silaha chini, sheria itafuata mkondo. Zapata akapanda milimani na tarehe 28 Novemba 1911 wakasaini waraka unaoitwa Mpango wa Ayala, aliandika naye mwalimu wa shule, Otilio Montaño. Ndani yake kuna kitu kimoja ambacho wengi wanakipita haraka. Unasema vijiji vyenye hati vichukue ardhi, misitu na maji yao sasa hivi, na mwenye hasienda akiona kaonewa yeye ndo aende mahakamani kudai baada ya mapinduzi. Mnaona walivyogeuza? Miaka yote mkulima ndo alikuwa anatoa ushahidi huku shamba liko kwa mwingine, sasa anakaa kwanza shambani, anayebisha ndo apange foleni kwa hakimu. Na hasienda zilizobaki zikatwe theluthi moja kwa fidia wapewe wasio na kitu, na atakayeupinga mpango mali zake zinataifishwa.

Mwaka 1915, ule ule ambao Zapata alitakiwa awe amekalia kiti mjini, Morelos ilikaa bila wenye hasienda. Vijana waliosomea kilimo walikuja kupima mipaka ya vijiji. Kijana mmoja kati yao alikuja kusimulia baadaye kwamba Zapata aliwaambia nyie wapimaji mnapenda mistari iliyonyooka, ila hapa mpaka ni ule ukuta wa mawe ambao wanakijiji wanasema ndo mpaka, mtaufuata na kona zake zote hata ikiwachukua miezi sita. Yaani jenerali mwenye jeshi anamwambia mtaalamu utii ukuta wa mawe wa wanakijiji! Alafu akawashauri watu waendelee kulima miwa na vile viwanda vya sukari viendeshwe kwa faida ya umma, akawaambia mkibaki na pilipili na vitunguu na nyanya hamtatoka kwenye umaskini. Watu wakamsikiliza kwa heshima alafu wakapanda mahindi na maharage. Na yeye hakuwapelekea askari. Huyu alikuwa na bunduki zote za jimbo na akakubali kubishiwa na watu wake kuhusu nini kipandwe, ndo maana nasema alijua anachokifanya alipokikataa kile kiti, yeye kiti chake kilikuwa kwenye mkutano wa kijiji na pale unakalia ukiwa unasikiliza.

Kuna mtu mwingine siwezi kumruka, Ricardo Flores Magón, mtoto wa Oaxaca, mwandishi wa gazeti la Regeneración. Huyu ndo alikuwa anarkisti kabisa, hataki bosi hataki dola, na ule wito wa "Ardhi na Uhuru" tunaoubandika kwa Zapata ulitoka kwa watu wake. Alifia gerezani Marekani, Leavenworth, Novemba 1922. Zapata hakuwa anarkisti wa vitabu ila haya mawazo mawili yalikutana kirahisi sana kwasababu vijiji vilikuwa vinaishi hivyo tayari.

Mwisho wake mnaujua au mnaukisia. Majeshi ya Carranza yaliingia Morelos 1916 wakachoma vijiji. Sensa ya 1910 ilihesabu watu karibu 180,000 Morelos, ya 1921 ikahesabu kama 103,000. Vita, njaa, magonjwa, watu kukimbia. Na tarehe 10 Aprili 1919 kanali mmoja anaitwa Jesús Guajardo akajifanya anahamia upande wa Zapata, akamkaribisha hasienda ya Chinameca, gwaride likajipanga kama linampigia saluti, tarumbeta ikalia, wakammiminia risasi. Watu wa vijijini wengi walikataa kuamini kuwa ule mwili ni wake, wakasema farasi wake ameonekana milimani.

Alafu serikali iliyomuua ikaanza kutundika picha yake maofisini. Hapa sitaki kuwa mkali kupita kiasi maana kuna kitu cha kweli kilipatikana, katiba ya 1917 kifungu cha 27 ilitambua ardhi ya vijiji, ikaja ile inaitwa ehido, ardhi ya pamoja ambayo huwezi kuiuza, na rais Lázaro Cárdenas kati ya 1934 na 1940 aligawa hekta kama milioni 18. Ni nyingi mno. Ila iligawiwa kutoka juu. Mkulima akawa na shamba ila lazima ampigie magoti afisa, na afisa anataka kura ya chama. Ardhi ilirudi, maamuzi hayakurudi. Na kuna sehemu hata ardhi haikurudi, sehemu hiyo ni Chiapas.

Chiapas iko kusini kabisa, inapakana na Guatemala. Wenyeji wake ni Watzeltal, Watzotzil, Wachol, Watojolabal na wengineo, watu wa asili ya Maya. Huko mapinduzi yalichelewa mpaka yakachoka, wenye mashamba walishika silaha wenyewe wakayazuia, na vibarua waliendelea kuzaliwa ndani ya deni la duka la bosi, baba anakufa na deni mtoto anarithi. Kuanzia miaka ya 1950 watu wakaanza kuhama na watoto mgongoni kuingia msitu wa Lacandona kutafuta pa kulima, serikali yenyewe ikawaambia nendeni. Wakafyeka, wakapanda, wakaanzisha vijiji. Mwaka 1972 serikali hiyo hiyo ikatoa amri kwamba zaidi ya hekta 600,000 za msitu ni za familia 66 tu za Walacandon, na nyie wengine wote mliokuwa humo ni wavamizi. Mtu kaambiwa aende, kaenda, anaambiwa kavamia.

Hao watu walioko porini bila serikali ndo wakajifunza kujiendesha. Hakuna afisa kata, hakuna polisi, hakuna barabara, kwahiyo mgogoro ukitokea mnakaa mnaongea mpaka mnaelewana, hata kama ni usiku kucha. Mwezi Oktoba 1974 askofu Samuel Ruiz wa San Cristóbal de las Casas alisaidia kuitisha kongamano la wenyeji na kwa mara ya kwanza lugha zile nne zilikaa chumba kimoja kila mmoja anasikia kilio cha mwenzake, wakagundua ni kilio kimoja.

Tarehe 17 Novemba 1983 kikundi kidogo cha watu wa mjini na wenyeji wachache, sita tu kwa hesabu yao, walianzisha msituni jeshi la ukombozi la Kizapatista, EZLN. Wale wa mjini walikuja na itikadi yao imepangwa vizuri, chama cha mbele kitaongoza, wakulima watafuata. Na walichokikuta ni watu ambao hawafuati mtu hivi hivi. Aliyekuwa msemaji wao, Marcos, mtu wa mjini yule, amekiri mara nyingi hadharani kwamba walishindwa, kwamba mawazo yao yalifika pale yana pembe nne na vijiji vikayagonga mpaka yakabonyea. Mimi katika historia yote hii hapa ndipo napapenda kuliko pengine popote. Wanamapinduzi walikuja kufundisha wakafundishwa, na badala ya kukasirika na kuondoka wakakaa, wakajifunza lugha za wenyeji na kukaa kimya.

Sasa wakulima wenzangu sikilizeni hapa kwasababu panatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, zile kota zilizokuwa zinashikilia bei zikaondoka, bei ikaanguka. Wazee wenye mibuni Kagera na Kilimanjaro mnaukumbuka ule wakati. Chiapas nayo ni ya kahawa, na mkulima wa Kitzeltal aliumia mwaka ule ule mlioumia nyie, kwa sababu ile ile, na hamkujuana. Kisha yakaja mahindi. Ndugu zangu ugali tunaokula umetoka kwao, mahindi yalitengenezwa na wakulima wa kusini ya Meksiko kutoka kwenye nyasi ya porini miaka kama 9,000 iliyopita, Wareno ndo wakaja kuyasambaza pwani za Afrika. Kwa Mmaya mahindi ni mwili wake, masimulizi yao yanasema binadamu aliumbwa kwa unga wa mahindi. Na serikali ya Carlos Salinas ikaenda kusaini mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada, maana yake mahindi ya Marekani ya mkulima mwenye matrekta na ruzuku yataingia kushindana na mama mwenye jembe kwenye mteremko. Ili mkataba upite vizuri 1992 wakabadilisha kile kifungu cha 27, ehido ikaruhusiwa kuuzwa na kukodishwa na ugawaji wa ardhi ukasimamishwa. Kilichopatikana kwa damu ya Zapata kikafutwa na kalamu. Kuna watu Chiapas walikuwa wamesubiri majibu ya maombi ya ardhi miaka ishirini.

Tarehe 12 Oktoba mwaka huo huo, miaka 500 tangu Columbus, maelfu ya wenyeji waliandamana San Cristóbal wakaiangusha sanamu ya Diego de Mazariegos, Mhispania aliyeiteka Chiapas enzi zile. Huku vijijini swali linazunguka, tupigane au tusipigane? Vijiji viliulizwa, vikakaa vikao na kuweka kwa maandishi. Hata wanawake walipeleka sheria yao, Machi 1993, baada ya Comandanta Ramona na Susana kutembea kijiji hadi kijiji wakiwauliza wanawake wenzao. Ramona alikuwa Mtzotzil, mdogo wa umbo, Kihispania chake cha shida. Ile sheria ina vipengele kumi. Mwanamke achague mwenyewe atakayeolewa naye, aamue idadi ya watoto, asipigwe na mume wala na ndugu, apewe uongozi akichaguliwa. Sehemu ambayo binti alikuwa anabadilishwa na pombe na ng'ombe! Wazapatista wenyewe wanasema mapinduzi yao ya kwanza yalikuwa hayo, kabla hata risasi haijalia. Na pombe nayo wakaipiga marufuku, ni wanawake waliosukuma hilo, waliojua mshahara unaishia wapi na kipigo kinaanzia wapi.

Tarehe 1 Januari 1994, siku mkataba unaanza kazi, wakashuka wakiwa wamefunika nyuso, wengine wana magobole, wengine wana bunduki za kuchonga kwa mbao tu. Wakachukua San Cristóbal, Ocosingo, Las Margaritas na Altamirano. Kikosi cha San Cristóbal kiliongozwa na mwanamke, Meja Ana María. Tamko lao lilisema "Imetosha!" na likadai vitu kumi na kimoja, kazi, ardhi, nyumba, chakula, afya, elimu, kujitegemea, uhuru, demokrasia, haki na amani. Jeshi likaja, Ocosingo sokoni damu ilimwagika zaidi. Siku 12 tu, wananchi wa Meksiko wakajaa barabarani kuomba vita isimame na ikasimama. Sitakaa sana kwenye vita kwasababu kila video iko kwenye vita, zile kofia nyeusi na kiko cha Marcos, na tunaacha miaka thelathini iliyofuata ambayo ndo kazi yenyewe.

Mazungumzo yakafanyika, tarehe 16 Februari 1996 wakasaini makubaliano ya San Andrés kutambua haki ya wenyeji kujiendesha. Serikali ikasaini alafu haikutekeleza. Tarehe 22 Desemba 1997 kule Acteal wanamgambo waliwaua watu 45 wakiwa kwenye maombi, Watzotzil, wengi wao wanawake na watoto, na hawa hata bunduki hawakuwa nazo, walikuwa kikundi cha amani. Mwaka 2001 Wazapatista wakasafiri kupita majimbo mengi mpaka bungeni, na aliyesimama kwenye mimbari tarehe 28 Machi hakuwa Marcos kama kamera zilivyotaka, alikuwa Comandanta Esther, akasema mimi ni mwenyeji na ni mwanamke, na kwa sasa hilo tu ndo lenye maana. Bunge likapitisha sheria iliyokatwakatwa mpaka haina kitu, vyama vyote vikubwa vikahusika. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungerudi kwenye bunduki, au ungeanzisha chama ugombee kile kiti.

Wao walirudi nyumbani wakafanya makubaliano yale wenyewe bila kuomba ruhusa. Agosti 2003 wakatangaza vituo vitano, La Realidad, Oventic, La Garrucha, Morelia na Roberto Barrios, wakaviita Konokono. Wahenga wao walipuliza ganda la konokono kuita watu, kama huku kwetu lilivyolia baragumu. Kila kituo kikawa na baraza la utawala bora, kazi yake kusuluhisha migogoro, kugawa misaada sawasawa, kusimamia shule na zahanati. Ukiingia maeneo yao kuna kibao kimeandikwa hapa wananchi wanaamuru na serikali inatii.

Na inatii vipi, maana kila mtu anaweza kuandika kibao? Wajumbe wa yale mabaraza walikuwa wanachaguliwa na vijiji, wanafanya kazi kwa zamu, kuna vituo zamu ilikuwa wiki moja tu, alafu unarudi kulima. Mshahara hakukuwa. Ukiwa zamu jirani zako walikuwa wanakusaidia shamba au wanakuletea mahindi. Akiboronga mtu alikuwa anatolewa na mkutano uliomtuma, hakuna kusubiri miaka mitano. Wageni walilalamika sana, wewe umekuja na mradi wako umeongea na baraza jumatatu, jumatatu ijayo unakuta sura mpya kabisa unaanza upya. Walichowajibu ni kwamba ndivyo inavyotakiwa, kwao kutawala ni kama kulima, kila mtu ajue, mama wa tortilla, zile chapati zao za mahindi, na mzee wa mibuni wapite pale, na kitu kinachojulikana na wote hakuna wa kukiiba. Wana kanuni saba wanafundisha watoto, kutumikia na siyo kujitumikia, kuwakilisha na siyo kujifanya wewe ndo wao, kushawishi na siyo kushinda, kushuka na siyo kupanda, na nyingine. Wanaita kuongoza kwa kutii. Shule zao walimu ni vijana wa kijiji hicho hicho, zahanati vivyo hivyo, kahawa inauzwa kupitia vyama vyao vya ushirika.

Wasomi wanawaita wajamaa huria, yaani wanataka mali ya wote lakini hawataki dola iwe ndo mwenye mali. Wenyewe wanakataa kubandikwa jina lolote. Kwetu Tanzania hapa neno ujamaa lina makovu yake, wapo wazee humu ndani walihamishwa kwenye Operesheni Vijiji miaka ya sabini, wengine nyumba ilibomolewa nyuma yao, na wanaposikia mashamba ya pamoja wanakumbuka lori. Naelewa kabisa. Tofauti ninayoiona mimi ni ya nani aliamua. Kule Chiapas hakuna lori lililokuja, mkutano ndo uliamua na mkutano ndo unaweza kuvunja, na asiyetaka anaondoka, na kweli wengi wameondoka.

Hilo nalo lazima niliseme, siwaletei pepo. Maisha ni magumu, kukataa misaada ya serikali kuna bei na kuna familia zilichoka zikarudi kwenye miradi ya serikali. EZLN ni jeshi, na jeshi ni amri. Wao wenyewe Juni 2005 waliandika wazi kwamba sehemu yao ya kijeshi haina demokrasia na ilikuwa inaingilia mambo ya vijiji na wakaahidi kuitoa. Mei 2014 mwalimu wao mmoja aliuawa La Realidad, wakajifungia kwenye maombolezo. Na miaka hii magenge ya madawa ya kulevya yanapigania njia za Chiapas na vijiji vimebanwa katikati.

Ila tazameni walichofanya Novemba 2023. Miaka ishirini ya yale mabaraza, dunia nzima inakuja kujifunza, wakasimama wakasema tunayavunja. Wakaeleza kwamba walikaa wakayachunguza wakakuta yamekuwa piramidi, habari haishuki vizuri, maoni hayapandi vizuri, wa juu wameanza kuwa mbali na wa chini. Kwahiyo wakaigeuza piramidi, madaraka yakashuka mpaka kila kijiji kiwe na serikali yake ndogo, na ngazi za juu zibaki za kukutanisha vijiji wanapohitaji wenyewe. Mimi sijawahi kuona serikali inayovunja viti vyake yenyewe kwasababu vimeanza kuwa virefu. Zapata alikataa kiti cha Mexico City, hawa wajukuu wake walikikuta kinaota ndani ya nyumba yao wakakikata.

Na mwezi uliofuata wakaongeza jingine, hili ndo la mwisho nawaambia maana naona jua linashuka na kuna watu wana safari. Zile ardhi walizochukua kwa wenye hasienda 1994, sehemu yake wametangaza haina mwenyewe. Siyo ya mtu, siyo ya ehido, siyo ya serikali, siyo hata ya EZLN. Wanalima kwa zamu, na majirani ambao siyo Wazapatista, hata wale wa vyama vilivyowapiga vita, wakikubaliana nao wanaruhusiwa kuingia kwenye zamu. Wanasema ni ardhi isiyo na makaratasi. Wakulima wenye picha ya Zapata ukutani, Zapata aliyelinda boksi la hati mpaka watu wakafa kwa ajili yake, leo wanasema ardhi hii hatuiandikii hati yoyote ili asipatikane wa kuiuza. Walipoulizwa wanafanya hivyo kwa ajili ya nani wakasema kuna mtoto wa kike atazaliwa miaka 120 ijayo. Kule Anenecuilco zile hati zilikaa miaka mingi kuliko hiyo zikimsubiri mtu wa kuzisoma.

Asanteni. Maswali nayapokea, na mwenye swali asisimame, aulize hapo hapo alipokaa.